KIDONGE CHA MAUMIVU: LINI NI DAWA, LINI NI KILEO

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.



Darsa ya Ijumaa hii haikuanza na kitabu. Ilianza na kijana mmoja aliyebaki nyuma baada ya swala, watu wote wameshatoka, yeye amekaa karibu na nguzo anashika funguo za moto yake mkononi. Akasema: "Mwalimu, mimi pombe sijaionja tangu nizaliwe. Bangi sivuti. Nakunywa dawa tu, ya farmasi. Sasa kwa nini mama analia?"

Dawa yenyewe ni tramadol. Alianza na kidonge kimoja, miaka miwili nyuma, kwa sababu ya mgongo. Barabara zetu za Mangobo na Kabondo wakati wa mvua mnazijua wenyewe, na kubeba watu watatu na gunia la muhogo juu ya moto kutwa nzima si mchezo. Kidonge kikaondoa maumivu, na zaidi ya hapo kikamwondolea uchovu, njaa na woga. Akaona anaweza kufanya kazi mpaka saa nne ya usiku. Baada ya miezi michache kimoja hakikutosha, vikawa viwili. Siku aliyokuja kwangu alikuwa amefika vinane kwa siku.

Sitamtaja jina wala mtaa. Ila kila msomaji wa karatasi hii, akitazama nyumba yake au ya jirani, anaweza kumwona kijana wa namna hiyo: mwendesha moto, mwendesha toleka, mbeba mizigo wa bandarini, mchimba almasi au dhahabu aliyerudi kutoka Banalia au Bafwasende, mwanafunzi anayekesha kabla ya mtihani. Mabinti pia wamo, tusiwasahau.

Kwanza tujue kitu hiki ni nini. Tramadol ilitengenezwa Ujerumani, ikaanza kuuzwa huko mwaka 1977. Inafanya kazi kwa njia ile ile ya afyuni, ile ambayo Waswahili wa pwani waliiita kasumba. Ni ndugu mdogo wa morphine. Yaani haiendi mahali panapouma ikapatengeneza; inakwenda kwenye ubongo, inafunga mlango ambao habari ya maumivu inapitia. Mgongo unabaki umeumia vile vile, ila mwenye mgongo hajui. Kwa hiyo anaendelea kubeba. Munganga anapoitoa, anatoa ya mg 50, mara nyingine mg 100, na mtu mzima asipite mg 400 kwa siku nzima. Hesabu mwenyewe: vinane vya mg 50 ni mpaka wa mwisho kabisa. Lakini vinavyozunguka katika masoko ya Afrika si vya mg 50 peke yake. Kuna vya 120, vya 200, vya 225, na hivyo vya 225 havikutengenezwa kwa ajili ya hospitali yoyote. Ni biashara tu. Mtu anayekula vinne vya namna hiyo amepita mpaka maradufu na zaidi, na yeye anasema amekula vinne tu.

Na biashara hii ni kubwa. Mwaka 2017 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na madawa ya kulevya ilisema kwamba tramadol inayokamatwa Afrika kusini ya Sahara imepanda kutoka kilo 300 kwa mwaka mpaka zaidi ya tani tatu, tangu 2013. Hiyo ni iliyokamatwa. Iliyopita nani anaijua? Sehemu kubwa ilikuwa inatoka India. Mwaka 2018 India yenyewe ikaiweka tramadol chini ya sheria ya madawa ya kulevya. Wafanyabiashara hawakulala. Wakatafuta nyingine, wakachanganya dawa ya maumivu iitwayo tapentadol na dawa ya kulegeza misuli iitwayo carisoprodol katika kidonge kimoja, wakakipeleka Ghana, Nigeria na Côte d'Ivoire. Mwaka 2025, baada ya waandishi wa BBC kulifichua jambo hilo, India ikapiga marufuku mchanganyiko huo. Kwa hiyo kijana akiambiwa sokoni, "Hii si tramadol, hii ni mpya, nzuri zaidi," ajue habari ya hiyo mpya.

Niwasimulie kisa kimoja cha kaskazini ya Cameroun, kwa sababu kinachekesha na kinatisha. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza kwamba wameikuta tramadol ndani ya mizizi ya mti wa porini ambao watu wa huko wanautumia kama dawa. Dunia ikashangaa: kumbe Ujerumani walitengeneza kitu ambacho Allah alishakiweka ardhini! Mwaka uliofuata wataalamu wengine wakaenda kuchunguza. Wakulima wakawaeleza kwamba wao wanakula tramadol kwa wingi ili wafanye kazi juani bila kuchoka, na ng'ombe wao wa kulima wanawapa pia. Mikojo ya watu na ya ng'ombe ikaingia udongoni, maji yakachukua, na mti ukanywa. Wataalamu wale wa kwanza hawakukubali mara moja, walibishana. Lakini hebu fikiri: nchi ambayo hata ng'ombe anapewa kidonge ili asijue kwamba amechoka.

Turudi kwetu. Mtu atasema, mimi nanunua kwa mtu ninayemjua. Ndugu yangu, huyo unayemjua naye hajui. Vidonge vinavyouzwa kwa kuhesabiwa, kutoka kwenye kopo kubwa au mfuko wa plastiki, bila karatasi yake, havina ushahidi. Mwishoni mwa 2014 na katika mwaka 2015, kaskazini-mashariki ya nchi yetu, pande za Ituri, mamia ya watu walifika hospitali wakiwa shingo zimekakamaa, nyuso zimepinda, ulimi unatoka nje. Kwanza waganga walifikiri ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba wagonjwa wale walikuwa wamekula vidonge vilivyoandikwa diazepam, ambavyo watu kule wanavila kwa kila jambo. Ndani hamkuwa na diazepam. Mlikuwa na haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Shirika la Afya la Dunia likatoa tangazo la hatari mwezi wa saba 2015. Na Ituri si mbali: ni jirani zetu, na barabara ya Bunia, Komanda, Mambasa na Nia-Nia inakuja kuishia hapa Kisangani. Mali ya huko inakuja huku.

Sasa jambo ambalo nataka wazazi walisome mara mbili.

Mwili uliozoea tramadol, ukiikosa kwa siku moja au mbili, unaanza kudai. Mtu anatetemeka, anatoka jasho, pua inatiririka, viungo vyote vinauma, tumbo linaharisha, usingizi hauji, moyo unaingia hofu. Hapa Kisangani mtu akitetemeka na kutoka jasho tunasema nini? Malaria. Mama wa kijana yule alimnunulia dawa ya malaria mara tatu katika mwezi mmoja. Aliuza pagne yake. Kila mara kijana anakunywa dawa ya malaria mbele ya mama, kisha kwa siri anakula tramadol, anapona ndani ya saa moja, na mama anamshukuru Mungu kwa dawa ya malaria. Siku alipogundua vidonge ndani ya mfuko wa koti ndiyo siku alianza kulia. Basi kijana akiwa na "malaria" kila wiki mbili, asitibiwe kwa kubahatisha. Apelekwe santé, wachukue tone la damu, wapime. Kama malaria haipo, aulizwe kwa upole ni nini anakula.

Na wakati wa Ramadhani jambo hili linajitokeza zaidi. Wako vijana wanaomeza vingi wakati wa daku ili wafike magharibi. Alasiri wanaanza kutetemeka, wanadhani saumu imewashinda, wanafungua. Saumu haikuwashinda. Ni kidonge kinadai haki yake.

Tuje kwenye hukumu, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa swali la kijana: "Ni dawa, ya farmasi."

Tramadol haikutajwa katika Qur'ani, ni kweli. Hata hashishi haikutajwa, na ilipoenea katika nchi za Waislamu karne nyingi baada ya Mtume (s.a.w.), wanazuoni, Ibn Taymiyya akiwa mmoja wao, hawakusema kwamba ni halali kwa vile haina jina katika aya. Walitazama inafanya nini kwa akili ya mtu. Mtume (s.a.w.) alikwisha kuweka kanuni kwamba hukumu inafuata kulevya, si jina la kitu wala namna kinavyotengenezwa. Kinachoondoa akili ni kileo, kiwe ndani ya chupa au ndani ya karatasi ya alumini.

Lakini wanazuoni hao hao walizungumza pia juu ya mmea wa banj unaopoteza fahamu, na wako walioruhusu apewe mtu anayekatwa kiungo ili asisikie. Kwa hiyo kitu kile kile, kwa mgonjwa aliyepewa na anayejua tiba, kwa kiasi cha haja, ni dawa. Na kwa mwenye afya anayekitafuta ili aruke, au ili asilale, kinatoka katika mlango wa dawa. Haja ndiyo inayofungua mlango, na haja ikiisha mlango unafungwa. Kijana wangu alianza akiwa ndani ya mlango, mgongo ulikuwa unauma kweli. Alitoka bila kujua siku gani ametoka. Nilimwuliza: "Mwanangu, leo katika swala, imamu alisoma sura gani?" Akanyamaza. Mnaijua aya ya 43 ya Suratun-Nisaa, inayowakataza waumini kuikaribia swala katika hali ya kulewa mpaka wajue wanachosema. Sikumsomea. Alikuwa ameshainamisha kichwa.

Hapa nataka nisimame kidogo kwa ajili ya ndugu zetu wagonjwa, maana najua namna maneno ya msikitini yanavyotembea. Kesho mtu atakwenda kumwambia mgonjwa, "Sheikh amesema dawa za maumivu ni haramu." Sikusema hivyo! Uchunguzi wa watoto wachanga hapa Kisangani, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja katika kila mia anazaliwa na ugonjwa wa SS, yaani drépanocytose. Aliyewahi kumwona mtoto wa SS katika siku ya maumivu, anavyolia mpaka sauti inakauka, hawezi kusema kwamba tramadol au hata morphine ni anasa kwake. Vivyo hivyo mwenye saratani, aliyepasuliwa, aliyevunjika mfupa. Hao wakipewa na munganga, wale bila hofu, na ndugu zao wasiwanyime. Tena ni dhambi juu ya dhambi kwamba biashara ya sokoni inafanya watu wamtazame mgonjwa wa kweli kama mlevi.

Na tusidhani hatari ni tramadol peke yake. Paracetamol, ambayo kila ligablo inayo, kwa mtu mzima isipite gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya mg 500, na mnywaji wa pombe au mwenye maini mabovu asifike huko. Inayozidi inaua maini, na inaua kwa hila: siku ya kwanza kichefuchefu, siku ya pili mtu anajiona mzima, siku ya tatu macho yanakuwa ya njano. Anayekula vingi afike hospitali siku ile ile, saa zile zile, hata kama hasikii kitu. Tazameni pia vile vidonge vya mafua na vya "mwili mzima": ndani yake mara nyingi kuna paracetamol tena, kwa hiyo mtu anahesabu vinne kumbe amekula vinane. Diclofenac, ibuprofène na indométacine zinatoboa tumbo la mwenye njaa na kuchosha figo, hasa kwa mtu anayetoka jasho juani bila kunywa maji. Mabinti wanaozila kila mwezi wakati wa damu wale na chakula, wasipite siku chache, na mwenye mimba asiziguse bila kumwuliza munganga au mkunga. Tramadol mtoto aliye chini ya miaka 12 asipewe kabisa, hata nusu ya kidonge.

Jambo moja la mikoa yetu: kandokando ya mito inayokwenda kasi, ambako inzi wadogo wanaeneza onchocercose, kifafa ni kingi kuliko mahali pengine, Ituri na Bas-Uele imechunguzwa na kuonekana hivyo. Na tramadol inaamsha kifafa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka. Kijana akianguka na moto yake katikati ya barabara, watu wanasema mwendo, au wanasema uchawi wa washindani. Waangalie mfuko wake pia.

Akianguka kwa kifafa, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko mdomoni, msimshike kwa nguvu. Akiwa amelala na haamki, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano, pumzi inakuja moja moja, midomo inabadilika rangi, huyo anakufa, hasa kama alichanganya na pombe au diazepam. Mlazeni kwa ubavu, mmoja akae naye asimwache, mwingine atafute moto ya kumpeleka hospitali kubwa usiku ule ule. Mchukue na vidonge vilivyobaki muonyeshe. Iko dawa inayofungua pumzi, inaitwa naloxone. Munganga aambiwe ukweli ili ajue kuitafuta. Asiseme mtu "ni malaria" kwa ajili ya kuficha aibu.

Na anayetaka kuacha, asikate ghafla kama alikuwa anakula vingi kwa muda mrefu. Mwili utampiga, na wengi wanaokata ghafla wanarudi baada ya siku tatu kwa kiasi kikubwa zaidi, au wanaanguka kifafa. Apunguze kidogo kidogo, wiki hadi wiki, akiwa na munganga au mwuguzi anayemjua, na vidonge vikae kwa mtu mwingine wa nyumba, si mfukoni mwake. Mtu asije akasema: kama ni kileo, mbona mnamwachia avile hata siku moja? Kumtoa mtu kwa njia isiyomwua ni matibabu, na matibabu yana ruhusa yake. Kumfukuza nyumbani, kumpiga, kumfungia chumbani bila munganga, hayo nimeyaona katika familia za waumini, na sijaona hata moja iliyofaulu.

Mgongo wake pia utibiwe! Watu wengi wanasahau hilo. Wanamwondolea kidonge, wanamwachia maumivu na kazi ile ile, kisha wanashangaa anaporudi. Kijana wetu amekubali kuacha kubeba magunia, anabeba watu tu, mmoja mmoja. Mapato yamepungua. Mjomba wake amechukua mzigo wa kodi ya nyumba kwa miezi mitatu, Allah amlipe. Mama ndiye anayeweka vidonge, ndani ya sanduku la nguo, anampa kwa hesabu ya mwuguzi.

Ijumaa iliyopita alikuwa safu ya tatu. Amefika vitano. Aliniambia usingizi bado haurudi na usiku miguu inamcheza, na kwamba wenzake wa kituo wanamcheka. Wawili kati ya hao waliomcheka walinitafuta siku ya Jumatatu, kila mmoja kwa siri yake.

Mwenye swali aje baada ya swala ya Alasiri, anakaribishwa peke yake, na hakuna atakayeandikwa jina. Karatasi hii ina jina la Allah: ukishaisoma mpe mwingine, usiitupe chini wala isifungiwe karanga.

Wabillahi tawfiq.